Wazo Halichachi, Asali Huchacha

Asali ile niliinunua kando ya barabara, upande wa Handeni, ndani ya chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyooshwa vizuri. Ilikuwa nzito, nyeusi kidogo kama chai ya mkandaa, na tamu kiasi cha kunirudisha mwezi uliofuata kwa kijana yuleyule. Safari hiyo nikachukua chupa nne. Wiki tatu baadaye zilianza kutoa povu kabatini na kusukuma vifuniko. Zilikuwa zimechacha. Anayejua nyuki anajua chanzo: masega yalivunwa kabla nyuki hawajayaziba kwa nta. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 haikai. Kijana yule ana mizinga, ana msitu, ana barabara kuu inayopitisha mabasi usiku na mchana, na alikuwa ameshanionyesha kwenye simu yake lebo ya kampuni anayotaka kuifungua. Kosa lake lilikuwa la siku moja tu, siku ya kurina.

Kila ninapozungumza na vijana wa Handeni na Korogwe wanaotaka kuanzisha biashara, nikigusa suala la nidhamu ya utekelezaji napewa majibu yaleyale. Nataka kuyajibu, maana naona yanavyowagharimu watu wenye akili na nguvu.

La kwanza: "Nina wazo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria. Nikilisema tu, litaibiwa."

Nenda Ngombezi au Magunga, hapo Korogwe, utazame wazo lililosimama shambani safu kwa safu. Mkonge si mmea wa kwetu, asili yake ni Mexico. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alisoma habari zake katika jarida la bustani ya Kew ya Uingereza, ambalo mtu yeyote mwenye hamu angeweza kulisoma. Mwaka 1893 akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika pwani yetu ikiwa hai ilikuwa 62. Hiyo ndiyo iliyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ikatunzwa mpaka ikazaa mingine. Mkonge hukaa takriban miaka mitatu kabla ya kukatwa jani la kwanza, na miaka hiyo mitatu ni ya palizi tupu bila senti kuingia. Kutoka kwenye miche ile 62, nchi hii ilifika kuongoza dunia kwa mkonge. Mwaka 1964 ilizalisha kiasi cha tani 230,000.

Kisha tazama upande wa pili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Kamba za nailoni zilivunja bei, utaifishaji wa 1967 ulikuja na matatizo yake, na sitaki kulificha hilo. Lakini ardhi ilikuwa ileile, mmea uleule, na wazo lenyewe halikuibwa na mtu. Mashamba yalimezwa na nyasi, mashine zikakosa vipuri, majani yakakosa wa kuyakata kwa wakati. Jani la mkonge lililokatwa linatakiwa lifike kwenye korona, mashine ya kutenganisha singa, ndani ya siku moja au mbili. Likichelewa, singa huharibika na bei huanguka. Katikati ya jani na korona kuna trekta, kuna dizeli, kuna mtu wa kuamka alfajiri. Wengi wetu tunapolinda wazo, hayo ndiyo tunayoyasahau.

Hata M-Pesa haikuanza kama tunavyoijua. Jaribio la mwaka 2005 nchini Kenya lilihusu watu kulipa marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Waliokuwa wakiliendesha wakaangalia kwa makini watu wanafanya nini hasa, wakaona wanatumiana fedha wenyewe kwa wenyewe. Huduma ikazinduliwa Machi 2007 kwa kazi hiyo, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Wazo la mwanzo lilipinda. Kilichobaki wima ni kufuatilia.

La pili ni hili, na ndilo lenye uzito: "Tupeni mtaji, mtaona maajabu."

Mtaji ni tatizo la kweli. Nimewaona akina mama waliokimbilia mikopo ya kausha damu wakaishia kunyang'anywa friji na godoro. Sitamwambia mtu kwamba fedha si kitu. Ninachokataa ni imani kwamba fedha ikifika kazi imekwisha. Kila halmashauri, Handeni na Korogwe zikiwamo, inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hiyo nchi nzima, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha mabilioni ya shilingi ambayo hayakurejeshwa, na utoaji ukaanza upya mwaka 2024 kwa utaratibu mwingine. Vikundi hewa vilikuwamo, na hao ni wezi, siwazungumzii. Nawazungumzia waliokuwa wakweli kabisa, ambao fedha iliingia wakagawana sawa kwa sawa jioni ileile. Wengine walinunua mashine ya kukamua alizeti kabla ya kujua mbegu itatoka wapi msimu ukiisha. Wengine waliuza vizuri, ila mfuko wa duka na mfuko wa nyumba ukawa mmoja: ada ya mtoto humohumo, msiba humohumo, mchango wa harusi humohumo. Kwa Kiswahili tuna jina lake, kula mtaji, na mwenye kuula mara nyingi hajui siku alipoanza kutafuna.

Na kama mtu anadhani tatizo ni udogo wa fedha yenyewe, aitazame Copia ya Kenya. Kampuni ile ilijenga mfumo wa kuwafikishia watu wa vijijini bidhaa kupitia mawakala wa mitaani, ikakusanya zaidi ya dola milioni 100 kutoka kwa wawekezaji. Iliingia Uganda, ikatoka. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Kupeleka oda ndogo kwa watu wanaokaa mbalimbali kunahitaji kila safari ya gari ijilipe, na hesabu hiyo haibadiliki kwa sababu benki kuna fedha nyingi. Kijana wa Kabuku anayesambaza soda kwa pikipiki anakabiliana na hesabu hiyohiyo. Tofauti yao ni sifuri kadhaa.

Jibu la tatu lilinigusa moyoni nilipolisikia mara ya kwanza. Mzee mmoja wa Korogwe aliniambia, "Mwanangu, nidhamu tuliishaiona. Ilikuwa na mnyapara na kipande."

Babu zetu wengi waliletwa kwenye mashamba ya mkonge kama manamba, wakahesabiwa kwa namba zao. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi; kazi ya siku isipokamilika, siku haiandikwi, na kadi isipojaa, mshahara haulipwi. Mtu aliyelelewa na simulizi hizo akisikia "nidhamu" anasikia fimbo. Nilimwelewa mzee, na ninamheshimu. Lakini nilimwomba aangalie jambo moja: katika mfumo ule, aliyeshika kalamu alikuwa mtu mwingine. Manamba hakuandika chochote, aliandikwa. Leo kijana anayefungua kiwanda kidogo cha kusaga viungo au kusindika machungwa ameshika kalamu yeye mwenyewe. Siku anayoiacha tupu kwenye daftari lake ni siku aliyojidhulumu. Tukiuachia ukoloni neno nidhamu, tunauongezea mali ambayo haikuwa yake.

La nne: "Riziki ni mafungu, anagawa Mungu." Naamini hivyo pia. Mkulima wa Handeni anayejua jinsi mvua za huko zinavyoweza kumwacha mtu na mahindi yaliyokauka yakiwa na mbelewele hawezi kusema kila kitu kiko mikononi mwake. Hata hivyo hajawahi kuacha kupalilia kwa sababu hiyo.

Lililobaki nalisikia Segera, penye njia panda ya Tanga na ya Moshi: "Wateja wetu ni wapita njia. Hawarudi, kwa hiyo ubora ni wa nini?" Ndivyo chungwa zuri linavyowekwa juu na bovu chini ya mfuko. Abiria kweli harudi. Dereva na kondakta hurudi kesho, na wao ndio wanaoamua basi lisimame wapi. Siku moja nilikaa kwenye kiti cha mbele nikamsikia dereva akisema, "Pale hapana, juzi abiria wamenilalamikia," akakanyaga mafuta tukapita meza kumi na kitu, na nyingi kati ya hizo huenda zilikuwa za watu waaminifu. Mmoja alikula soko la wote.

Jioni hiyo nilishuka Korogwe, nikaingia kwa wakala wa fedha, dada mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Manundu, wakati anafunga hesabu. Kwa wakala, taslimu na floti, yaani fedha iliyo kwenye simu, zikijumlishwa jioni lazima zilingane na za asubuhi. Asubuhi alianza na 800,000. Alikuwa na taslimu 465,000 na floti 332,000. Ilipungua 3,000. Kamisheni yake ya siku huenda haikuzidi sana hapo, na giza lilikuwa limeshaingia. Hakufunga. Alipitisha kidole kwenye daftari, mstari kwa mstari, akilinganisha na jumbe za simu, mpaka akafika saa nane mchana: alipokea 7,000, akamtumia mteja 10,000. Akampigia. Mteja hakupokea. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika pembeni "3,000, kosa langu, haraka", akatoa noti tatu za elfu moja kwenye pochi yake mwenyewe, akaziweka kwenye droo, akahesabu upya kuanzia mwanzo.