Tunamlinda Mgeni, Mwenyeji Anatoweka

Jioni yoyote ukipita Kawangware 46, au ukitoka soko la Toi kuelekea Makina kule Kibera, utasikia swali lile lile mbele ya karai la mafuta: "Mama, huyu ni wa ziwa ama ni wa China?" Mama samaki akijibu upesi kwamba ni wa ziwa, mteja anatoa pesa. Akisita, mteja anahamia kwa jirani. Nyuma ya swali hilo kuna imani iliyoota mizizi: kwamba tilapia wa Ziwa Victoria ndiye samaki wetu wa asili, na yule anayekuja kwenye katoni akiwa amegandishwa ni kiumbe kingine, feki, kimetengenezwa maabara. Imani hiyo ilipata nguvu zaidi mwaka 2018, Rais Uhuru Kenyatta alipotaka samaki wa China wazuiwe kuingia nchini.

Imani hiyo si ya kweli, na inatugharimu.

Tuanze na huyo tunayemwita wetu. Mtazame mkia kabla hajatumbukizwa kwenye mafuta: una mistari myembamba iliyosimama wima, inafuatana kutoka shina la mkia hadi ukingoni. Hiyo ni alama ya Oreochromis niloticus, tilapia wa Nile. Kwao ni mto Nile, Turkana, Baringo na Ziwa Albert. Ziwa Victoria alipelekwa na watu katika miaka ya 1950, chini ya utawala wa kikoloni, wakati nyavu zilikuwa zimewapunguza sana wenyeji wawili, ngege halisi na mbiru. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, na wenyeji wakatoweka karibu ziwa zima.

Sasa mgeukie wa katoni. Mashamba ya China hufuga zaidi tilapia huyo huyo wa Nile, au chotara wake na tilapia wa buluu, ambaye naye ana asili ya Afrika na Mashariki ya Kati. Kati ya mbegu zinazofugwa huko ni ile inayoitwa GIFT. Mradi wake ulianza Ufilipino mwaka 1988. Watafiti walikusanya tilapia wa porini kutoka Misri, Ghana, Senegal na Kenya, wakawachanganya na waliokuwa wakifugwa Asia, kisha kila kizazi wakawachagua wanaokua haraka wawe wazazi wa kizazi kijacho. Hakuna jeni ya kigeni iliyopandikizwa. Ni kazi ile ile ya mfugaji anayechagua fahali wa kupanda ng'ombe wake. Mbegu hiyo ilifika China mwaka 1994. Kwa hiyo samaki anayetukanwa Kibera kwamba ni feki huenda ana damu ya samaki aliyetoka Kenya.

Je, mteja hana haki ya kuuliza? Anayo, ila anauliza lisilomsaidia. Amekaa siku ngapi tangu atolewe majini? Amesafiri kwenye barafu au kwenye gunia? Alifugwa kwa dawa gani, na nani alimkagua? Majibu ya maswali hayo hayamo katika ukoo wa samaki. Wa ziwa aliyepigwa na jua njia nzima ni hatari kwa mtoto wako kama wa katoni aliyeyeyuka na kugandishwa tena. Na mama samaki anayelazimika kudanganya ili auze, anadanganya kwa sababu sisi tumempa jibu moja tu la kumwokoa.

Hasara kubwa zaidi iko mbali na karai. Tukishaamini kwamba kila tilapia aliyevuliwa au kufugwa Kenya ni wa kwetu, hatuoni ubaya wa kumhamisha kutoka maji haya hadi yale. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba vidimbwi vya samaki kote nchini, na mahitaji ya vifaranga yakazidi uwezo wa vituo vya kuvizalisha. Sikiliza basi habari za Loboi, kaunti ya Baringo, karibu na Ziwa Bogoria. Pale kuna chemchemi za maji moto zenye tilapia wa Nile walio wenyeji kabisa. Mwaka huo huo wa 2009, Dkt. Dorothy Wanja Nyingi wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba ulioonyesha kwamba samaki hao ni kundi la pekee ambalo sayansi ilikuwa hailijui. Mwaka 2014 Titus Ndiwa, Nyingi na Jean-François Agnèse walitoa habari mbaya. Walikuwa wamesoma kipande cha DNA ya mitokondria, ile ambayo samaki huirithi kwa mama, wakakuta humo urithi wa spishi nyingine, Oreochromis leucostictus. Samaki waliohesabiwa kuwa tilapia wa Nile walikuwa na ukoo wa kigeni kuukeni. Watafiti waliona kwamba chanzo, kwa uwezekano mkubwa, ni ufugaji wa samaki uliokuwa umeshamiri eneo hilo. Hakuna jicho la mvuvi wala la mnunuzi ambalo lingegundua hilo.

Atatokea wa kusema kuchanganyika ni kawaida ya maumbile, na atakuwa na ushahidi. Vinasaba vya fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, vilivyosomwa na kuchapishwa mwaka 2017, vinaonyesha kwamba mababu zao walitokana na jamii mbili zilizokutana zamani, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile ya juu. Kutokana na uzao huo, baada ya ziwa lililokauka kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, zilizuka spishi zaidi ya 500. Lakini mchanganyiko ule ulizaa wingi. Wa leo unameza vikundi vidogo na kutuachia samaki mmoja kila mahali.

Mkazi wa Kawangware anayehesabu shilingi ana sababu ya kujali. Samaki wa bei nafuu wa kesho atazalishwa kutokana na mbegu za porini, kama alivyozalishwa wa GIFT. Wa Loboi wanaishi kwenye maji moto, na dunia inazidi kupata joto. Ngege halisi bado yuko Ziwa Kanyaboli, Siaya, nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala. Tukiwapoteza hao, tutanunua mbegu kwa wale tuliowapa bure.

Kwa hiyo kaunti za Siaya na Baringo zipige marufuku vifaranga vya kigeni karibu na Kanyaboli na Loboi. Pesa za umma zisinunue kifaranga hata kimoja ambacho vinasaba vya wazazi wake havijasomwa na maji ya asili yake hayajulikani. Nasi wanunuzi tumuulize mama samaki kuhusu barafu na siku, na swali la ukoo tulipeleke kwa serikali, kwa maana ndiyo inayoamua vifaranga gani vimwagwe katika maji yetu.