Kigugumizi si Kichekesho

Iko kasumba tunayoilea sisi wapenzi wa Kiswahili, nayo ni kuupima ufasaha kwa wepesi wa ulimi. Amiminaye maneno kama maji ya mfereji tunamwita msemaji. Asitaye tunamwona mjinga au mwoga. Ndiyo maana igizo la shule likipungukiwa na kichekesho huletwa mhusika mwenye kigugumizi, ukumbi ukaangua kicheko. Naipinga kasumba hiyo, na nawaelekea watunzi na walimu wa lugha kwa kuwa sisi ndio tunaoipamba.

Tuanze na ukweli wa jambo. Kigugumizi hakiletwi na woga, wala mtoto kutekenywa, wala malezi mabaya. Aghalabu huanza katika umri wa miaka 2 hadi 5, huwapata zaidi wavulana, na mara nyingi hufuata ukoo. Watoto wengi hupona. Hata hivyo, takribani mtu mzima 1 katika kila 100 huishi nacho. Neno analijua barabara. Njia ya kulitoa ndiyo inayoziba. Kumwambia "sema upesi" au kumdakia sentensi ni kumwongezea mzigo.

Walimu tunachanganya pia mambo mawili yasiyofanana. Huku Ufipa, kuanzia Namanyere hadi Laela, mtoto aliyekulia katika Kifipa anaweza kusema "selasini" badala ya "thelathini", au "zambi" badala ya "dhambi". Hiyo ni lafudhi. Haina ugonjwa wala haihitaji mganga. Mwenye kithembe huenda kinyume chake: "sasa" kwake huwa "thatha". Wa kwanza anahitaji kuisikia na kuizoea sauti ngeni. Wa pili huenda akahitaji mtaalamu wa kumwonyesha ulimi ukae wapi. Darasani wote wawili huambulia adhabu ile ile na kicheko kile kile. Je, huo ni ualimu?

Mtaalamu wa tiba ya usemi hana wembe wala hirizi. Mwenye kigugumizi humzoeza kulianza neno kwa ulaini, kuutawala mwendo wa maneno na kuipunguza hofu. Wazazi huwafunza kuzungumza polepole na kungoja zamu. Aliyepatwa na kiharusi akapotewa na maneno, humsaidia kuyarejesha. Mtoto aliyeshonwa mdomo au kaakaa lililopasuka, humfunza sauti ambazo upasuaji peke yake haukumpa. Tena tutazame jina tulilompa mtoto huyo: "mdomo sungura"! Wenye lugha tajiri kama hii tumeshindwa kumpata jina lisilomfananisha na mnyama?

Watanzu husema: "Zamani hatukuwa na tiba hizo, na watu walikua." Naam, walikua, lakini wangapi walikua kimya? Wangapi waliketi nyuma ya darasa, wanajua jibu, mkono haunyanyuki? Wazee wetu walibeba mifukoni shilingi ya Afrika Mashariki yenye kichwa cha Mfalme George VI. Mfalme huyo alikuwa na kigugumizi, na tangu mwaka 1926 alifunzwa na Lionel Logue, Mwaustralia, namna ya kuhutubia. Ikiwa mwana wa mfalme alihitaji msaada na akaupata, kwa nini mtoto wa mkulima wa mahindi wa Mpui aambiwe ajikaze?

Wataalamu wenyewe ni haba. Makerere walianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 2008, na Muhimbili nako inafundishwa. Lakini kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na tiba hii si sindano ya siku moja. Hudai vikao vingi. Nauli hiyo ni ya nani? Kwa hiyo nasema: elimu ya awali ya matatizo ya usemi ifundishwe katika kila chuo cha ualimu, isiachiwe Patandi na vyuo vichache vya elimu maalumu. Na hospitali za rufaa za mikoa zipewe wataalamu hao. Tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sheria isiyofika darasani ni karatasi.

Nasi watunzi tunalo deni letu. Tiba ya usemi hufanyika kwa lugha ya mgonjwa. Orodha ya maneno iliyotungwa kwa Kiingereza haiwezi kumpima mtoto anayehitaji kutamka "ng'ombe", "mbwa" na "ghala". Nani atatunga vitendawili, nyimbo na hadithi za mazoezi kama si sisi? Tena wenye kigugumizi wengi husita kidogo mno wanapoimba au wanapokariri pamoja na wenzao. Hiyo si dawa, ila ni mlango: mwalimu wa ushairi aliruhusu darasa liimbe beti kwa pamoja, na asimpime mtoto kwa kumsimamisha peke yake mbele ya wenye kucheka. Kuwa na ulimi mzito hakumzuii mtu kuwa malenga.

Asitaye kwa kunena, usimwone hana jambo,
Neno analo bayana, limenasa kwa ulimbo,
Sikiza pasi kuguna, mwache amalize wimbo,
Kumcheka ni hiana, mzaha si letu pambo.