Algebra ina kazi, na iko kwenye matatu

Kuna wimbo unaoimbwa na waunda programu wengi hapa Nairobi: algebra dhahania ni ya kupitia mtihani, ukishapata digrii isahau. Eti jifunze lugha mpya, tafuta wateja, achana na ringi. Jamani, huo ni uvivu tu!

Twendeni barabarani. Monoidi ni kundi la vitu vyenye njia moja ya kuviunganisha: ukihamisha mabano jibu halibadiliki, na kuna kitu kimoja ambacho kikiunganishwa na kingine hakikigeuzi. Nauli ni monoidi. Unajumlisha, na sifuri haiongezi kitu. Sasa kila nauli ipe idadi ya magari yanayoitoza, kisha ruhusu hizo hesabu zijumlishwe na kuzidishwa. Hiyo ndiyo ringi ya monoidi. Basi.

Mfano: tao hadi Westlands kuna matatu 2 za shilingi 50 na 1 ya 70. Andika 2x^50 + x^70. Westlands hadi Kangemi kuna 3 za 30 na 1 ya 50, yaani 3x^30 + x^50. Zidisha kama ulivyofunzwa sekondari:

6x^80 + 5x^100 + x^120

Safari 12, zimepangwa kwa bei. Hakuna uchawi.

Mwaka 2014 mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, MIT na Columbia, ulitoa ramani ya zaidi ya njia 130 za matatu. Tuseme unaunda programu ya safari juu ya data kama hiyo. Hatua 10, kila hatua magari 3 ya kuchagua: safari 59,049. Anayedharau algebra ataziorodhesha zote, kisha alaumu seva. Anayeijua atazidisha polinomia 10, akikusanya nauli zinazolingana kila hatua. Kama kila nauli ni kati ya shilingi 10 na 100 kwa makumi, jumla haziwezi kuzidi 91. Linganisha mwenyewe 91 na 59,049!

Kuna jambo zito zaidi. Kwenye ringi ya nauli, vitu viwili visivyo sifuri havizai sifuri vikizidishwa. Kwa hiyo ukijua hesabu ya safari nzima na ya kipande kimoja, kipande cha pili kina jibu moja tu. Lakini badala ya nauli weka saa zetu 12, ambapo g ni kusogea saa moja mbele. Gari likiondoka kila saa, ratiba ni S = 1 + g + ... + g^11. Isogeze saa moja: gS = S. Yaani (g - 1)S = 0, ingawa hakuna sifuri hata moja pale! Maana yake, ukiangalia ratiba ya kuondoka na ya kufika pekee, huwezi kujua kama safari ilichukua saa 1 au 7. Hakuna seva wala mtaalamu wa kukuokoa. Algebra ingekuambia hivyo kabla hujamlipisha mteja miezi mitatu ya kazi isiyowezekana.

Wahadhiri nao wana lawama. Mnaandika fasili ubaoni, mnafuta, mnaondoka, na nje ya dirisha matatu zinapita zikiwa na mfano mzima. Uleteni darasani.

Na wewe unayesema hesabu haina soko: mteja wako ndiye anayelipia usichokijua.