Fundi akitupa themostati, mkabidhi na funguo za gari!

Leo sichambui mabwana wasiorudi nyumbani wala mabibi wa kununa. Nachambua kidude kimoja kidogo kinachoenea kiganjani, kinakaa kwenye injini ya gari, na kimewatoa watu wazima machozi barabarani.

Kinaitwa themostati. Hapa Dar ukipeleka gari la dizeli kwenye gereji za chini ya mwembe kwa sababu linachemsha, mafundi wengi dawa yao ya kwanza ni hiyo hiyo: kukitoa na kukitupa. Ukiuliza unapewa hotuba: “Bosi, hiki ni cha Wazungu, kwao kuna barafu. Sisi na jua letu hili kinatusaidia nini? Kinazuia maji tu.” Na wewe, kwa vile una haraka na hujui kitu, unatingisha kichwa, unalipa, unaondoka ukijisifu kwamba umepata fundi mwenye akili.

Jamani, hapo umeingizwa mjini mchana kweupe!

Kwanza tujue kazi yake. Ndani ya themostati kuna kijikopo chenye nta, ndugu yake nta ya mshumaa. Nta ikipata moto inayeyuka, inatanuka, inasukuma kipini, na mlango unafunguka. Maji ya moto yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Yakishapoa, springi inaurudisha mlango. Hakuna umeme, hakuna kompyuta. Aliyebuni mtindo huo wa nta ni Sergius Vernet, huko Marekani, miaka ya 1930, na mpaka leo magari mengi yanautumia.

Sasa sikilizeni hapa wenye dizeli. Petroli inawashwa na cheche za plagi. Dizeli haina cheche. Inabana hewa mara 20 hivi, hewa inapanda joto kupita nyuzi 500, na mafuta yakinyunyizwa humo yanawaka yenyewe. Kwa maneno mengine, joto ndiyo kiberiti cha dizeli. Ukitoa themostati, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, injini haipati joto lake. Asubuhi inatoa moshi mweupe, inagonga kama mtwangio, inakunywa mafuta kama imeajiriwa kunywa. Dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, ringi zinalika. Injini inazeeka kabla ya umri wake, kama mke wa mlevi.

“Lakini si angalau haitachemsha?” Hapo ndipo utamu wa uongo ulipo. Injini nyingi za Toyota, themostati yake ina visahani viwili. Cha juu kinafungua njia ya rejeta. Cha chini, wakati huo huo, kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitupa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Ukiwa Kariakoo kwenye tambarare huoni kitu. Ukikutana na mlima na mzigo, nusu ya maji yanazunguka yakiwa moto, hayajaiona hata sura ya rejeta. Yaani kile ulichotoa ili gari lisichemshe ndicho kinachokuja kulichemsha!

Jirani yangu mmoja wa Tabata alikuwa na pikapu ya dizeli. Fundi wake wa mtaani akaitupa themostati na kujaza maji ya kisima, yale ya chumvi tunayofulia. Miezi mizima mshale wa joto ukawa umelala chini kabisa. Jirani akawa anatamba kijiweni: “Gari yangu baridi kama mtungi.” Nilimwambia, “Mzee, dizeli ikiwa baridi ni mgonjwa.” Akanicheka, akasema waandishi tunajua kalamu tu.

Ukaja msiba Mafinga. Kaka wa mkewe. Wakapakia watu, magunia na sufuria, safari ikaanza alfajiri. Mpaka Ruaha Mbuyuni salama. Walipoanza kuupanda mlima Kitonga, mshale uliokuwa umelala miezi yote ukaamka kwa siku moja. Mvuke ukatoka mbele kama treni. Jirani, kwa kiherehere, akachukua dumu la maji ya baridi akaimwagia injini ikiwa vile vile ya moto. Silinda hedi ikapasuka.

Walilala barabarani. Mama wa watu alifika msibani kesho yake jioni, juu ya lori la mbao, kaka yake ameshazikwa. Hiyo hedi niliiona kwa macho yangu ilipoletwa Dar. Njia za maji zilikuwa zimejaa tope jekundu la kutu, na rejeta nusu ya vijibomba vyake imeziba. Pikapu iliuzwa kama chuma chakavu. Yule mama mpaka leo hapandi gari la mumewe, anapanda basi.

Sasa kidogo kuhusu maji. Kulanti siyo rangi ya mapambo. Ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na mna glaikoli inayochelewesha maji kuchemka. Maji matupu pale Posta yanachemka kwa nyuzi 100. Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, yanachemka kwenye 94 hivi. Kifuniko kizima cha rejeta kinabana maji na kuongeza kiwango hicho, na kulanti nusu kwa maji nusu chini ya kifuniko hicho yanavumilia kupita nyuzi 120. Kwa wale wa Makete na Kitulo, ambako asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa barafu, kulanti hiyo hiyo inazuia maji kuganda yakapasua injini. Lakini usijaze kulanti tupu ukidhani unaongeza utamu. Maji ndiyo yanayobeba joto vizuri. Nusu kwa nusu, basi.

Kubadilisha siyo kazi ya ajabu. Usipoifanya mwenyewe, walau simama umwangalie fundi.

Injini iwe baridi kabisa, ikiwezekana imelala usiku mzima. Kufungua kifuniko cha rejeta ya moto ni kujimwagia uji wa moto usoni, kwa sababu maji ya ndani yamebanwa. Gari lenye kipasha joto cha ndani, zungusha swichi yake kwenye moto. Tega beseni, fungua koki ya chini ya rejeta, halafu na nati ya kumwagia maji kwenye bloku ya injini. Hiyo ya pili mafundi wavivu wanairuka, na huko ndiko tope linakokaa. Maji hayo usiyamwage uani. Kulanti ina ladha tamu na ni sumu. Mtoto, mbuzi au mbwa akiilamba ni maafa.

Fuata mpira mnene unaoungana na injini kwenye nyumba ya themostati. Kwa magari mengi ni ule wa juu, kwa mengine ni wa chini. Kuna bolti mbili tatu. Fungua, toa cha kale, kwangua gasketi mpaka chuma king'ae.

Kabla ya kufunga mpya, ipime. Ifunge uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji isiguse kitako, weka jikoni na kipimajoto pembeni. Namba imechapwa juu yake, kwa mfano 76, 82 au 88. Maji yakikaribia nyuzi hizo mlango uanze kufunguka wenyewe, na yakipoa ujifunge. Isipofunguka, irudishe dukani, maana bidhaa bandia zimejaa mjini. Na sufuria iwe mbovu, siyo ya mama watoto, nisije nikaambiwa nimevunja nyumba ya mtu.

Wakati wa kufunga, upande wa springi unaelekea ndani ya injini. Kama ina kitobo chenye kijipini kinachochezacheza, hicho kikae juu, ndipo hewa inapotokea. Weka gasketi mpya. Kaza bolti kidogo kidogo kwa zamu. Nyumba yake ni ya aluminiamu, ukikaza kwa hasira za nyumbani inapasuka.

Jaza maji safi, washa mpaka mpira wa rejeta uwe wa moto, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Ndipo ujaze kulanti na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongeza kwenye betri. Soma chupa vizuri isije ikawa tindikali! Usichanganye kulanti mbili ukifuata rangi tu, kwa sababu kila kiwanda kina rangi zake, na dawa zisizopatana zinaweza kuganda kama uji. Soma kitabu cha gari.

Ukijaza, jaza polepole, pua ya gari ikiwa imeinuka. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, minyaminya mpira wa juu, mapovu yatoke. Baada ya muda utaona mpira unaokwenda kwenye rejeta umekuwa wa moto ghafla. Hapo themostati imefunguka. Ongeza, funga, weka na kwenye kichupa cha akiba kati ya alama mbili. Kesho asubuhi kagua tena. Mapovu yasipoisha kabisa, ujue gasketi ya hedi inavujisha moto ndani ya maji, na hiyo themostati haiwezi kuitibu. Vile vile angalia feni, beliti, pampu ya maji na kifuniko. Gari likichemsha lina sababu, na kutupa themostati ni kumpiga mjumbe aliyeleta habari.

Kulanti ya kizamani hubadilishwa kila miaka miwili hivi, zile za maisha marefu zinafika hata mitano. Themostati badilisha wakati huo huo, kwa sababu bei yake haijazi hata tangi moja la dizeli.

Na fundi akikuletea ile hotuba ya jua letu, muulize swali moja. Oman na Dubai joto la kiangazi linapita nyuzi 45. Mbona Land Cruiser zinazouzwa kule kwenye jangwa zinatoka kiwandani na themostati yake? Akikosa jibu, chukua funguo zako uondoke. Akiwa ameshaitupa, muulize aliitupa wapi, na usiwashe gari mpaka mpya iwe ndani. Hasa kama wikiendi hii unasafiri kwenda kuzika.