Pikapu Irukayo Nyuma

Masika yakifika, pikapu zenye magunia ya mahindi hurukaruka nyuma katika njia za Kwaluguru. Injini ikivuta kwa nguvu, ekseli hutaka kujizungusha, na springi hupindika. Viko vyuma vya kuizuia. Ncha yake ya mpira hukaa chini ya jicho la mbele la springi. Lakini kwanza kagueni yubolti. Zikilegea, bolti ya katikati ya springi hukatika, ekseli huhama, na gari laweza kupinduka na watu. Yubolti zikazwe mwisho gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, na tena baada ya safari ya kwanza. Wala fundi asichomelee chuma juu ya springi: moto huiharibu, ikavunjika. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.