Darubini Pekee Haitoshi

Kila inapotangazwa dawa mpya, wengi wetu huuliza swali moja tu: je, maabara imesemaje? Nashikilia kwamba hilo ni nusu ya swali. Historia ya Majengo, hapa Pumwani, yatosha kuwa ushahidi.

Mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kufuatilia afya ya wanawake wa mtaa huo waliojikimu kwa biashara ya ngono. Ripoti ya mwaka 1996 ilieleza kwamba kati ya wanawake 424 waliojiunga wakiwa hawana virusi vya UKIMWI, 239 waliambukizwa. Je, waliosalia walinusurika kwa bahati? Lau ingekuwa bahati tupu, hatari ingewakabili kwa kiwango kile kile kila mwaka. Haikuwa hivyo: kadiri mwanamke alivyokaa muda mrefu bila kuambukizwa, ndivyo hatari yake ilivyopungua. Takwimu ndizo zilizobisha hodi. Maabara ndiyo iliyofungua mlango, ilipoonyesha katika damu ya baadhi yao chembe za kinga zinazokitambua kirusi.

Hata hivyo, asidhani mtu kwamba neno la maabara ndilo la mwisho. Mwaka 2001 iliripotiwa kwamba baadhi ya wanawake hao hatimaye waliambukizwa, hasa waliokuwa wamepunguza biashara hiyo au kuiacha kwa muda. Kinga iliyoonekana katika damu haikuwa ngao ya kudumu.

Kisha kuna mkasa wa nonoksinoli-9, dawa ya kuua mbegu za kiume. Katika chupa za maabara, iliua virusi vya UKIMWI. Ilipojaribiwa kwa wanawake wa Nairobi wa biashara iyo hiyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalikuwa machungu. Kati ya 60 waliotumia sponji yenye dawa hiyo, 27 waliambukizwa. Kati ya 56 waliopewa dawa bandia, 20. Tofauti hiyo haitoshi kuthibitisha kwamba dawa iliongeza maambukizi, lakini hakuna awezaye kudai kwamba ilikinga. Isitoshe, vidonda vya sehemu za siri vilizidi kwa walioitumia. Chupa haina ngozi ya kuchubuka; mwanadamu anayo.

Sisemi tuipuuze maabara. Hesabu bila maabara hutuambia kuna jambo, isitueleze sababu yake. Maabara bila hesabu hutuambia jambo lawezekana, isitueleze kama hutokea miilini mwa watu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia dawa ikisifiwa, uliza: imejaribiwa kwa watu wangapi, nao walilinganishwa na nani? Wanawake wa Nairobi walilipia somo hili kwa damu yao. Atakayetuuzia matumaini bila kujibu maswali hayo mawili atakuwa amewadhulumu wao, na sisi pia.