Kiu ya Mafanikio Si Adui wa Utu

Kijana anayemaliza shule Dongobesh au Katesh huagwa kwa nasaha mbili zinazovutana. Mjomba humwambia atoke, apambane, afike mbali. Mwalimu wa dini humwambia asiisahau jamii iliyomlea. Katika mijadala yetu nasaha hizo zimegeuka kambi mbili, kana kwamba maana ya maisha iko ama katika kufanikiwa au katika kuwafaa wenzako. Mgawanyo huo unawapotosha vijana.

Chukua John Stephen Akhwari, mwanariadha wa Mbulu. Oktoba 20, 1968, katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, alianguka na kuumia goti. Akaendelea, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, na akaeleza kuwa nchi yake ilimtuma kumaliza mbio. Tunamsifu kwa kujitoa, lakini tunasahau kwamba hakuna anayefika Olimpiki kwa moyo mwema tu. Miaka miwili baadaye alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh. Kiu ya ushindi ilimjenga. Deni kwa nchi lilimbeba mwili ulipogoma.

Tazama pia Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayohudumia watu wa Mbulu na wilaya jirani tangu 1955. Wengi huiona kama kazi ya huruma. Ni kweli, ila huruma peke yake haimfanyi mtoto aliyezaliwa bila kupumua avute hewa. Haydom iliongoza mpango wa kuwazoeza wakunga mara kwa mara kwa vipindi vifupi, huku matokeo yakipimwa, katika vituo 30 vya mikoa mitano. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40. Kutaka kuwa bora kitaaluma ndiko kulikookoa watoto hao.

Mpinzani wangu atanikumbusha Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang lilipoishukia Katesh na vijiji jirani na kuua watu zaidi ya 80. Siku hiyo jirani aliyemfukua jirani hakuulizwa cheti. Nakubali: wema wa namna hiyo una thamani yake kamili. Lakini majeruhi walihitaji madaktari wa upasuaji, na waliopoteza makazi walihitaji wahandisi na wataalamu wa ardhi. Hao ni watu waliosoma kwa bidii ya miaka mingi.

Kuna hatari pia upande wa kuwafaa wenzako. Mwajiriwa wa kwanza katika ukoo hubebeshwa ada, matibabu na harusi za wote kabla hajasimama. Msaada unaomkamua mtu hivyo humzalia uchungu, na hatimaye ukoo hubaki na mikono ileile mitupu.

Kwa hiyo wazazi na walimu tuache kumtaka kijana achague kambi. Tumpe nafasi akomae katika fani yake, kisha tumuulize bila haya: ukifanikiwa, ni nani mwingine atakayenufaika? Asiye na jibu bado hajapata lengo linalostahili jasho lake.